Mema Mawili na Kasoro Moja

Wenzake kazini walimwita Mkunjo, na jina hakulikataa. Alikuwa mpiga pasi kwenye kiwanda cha kufulia nguo za hoteli, na jicho lake lilikuwa na ugonjwa mmoja: likiona mkunjo kwenye shuka halitulii mpaka umeondoka. Alikuwa akisimama mlangoni, mvuke umetanda chumba kizima, akanyoosha kidole: "Ile foronya ya tatu kutoka juu, nani kaipitisha?" Na kweli, ukiikunjua ile ya tatu, unaukuta mkunjo umejilaza pale, umetulia tuli. Miaka kumi na mmoja alisimama kwenye meza hiyo, na miguu yake ilikijua kila kigae cha sakafu.

Sasa, msimamizi wa chumba cha pasi alikuwa anastaafu. Nafasi yake waliitaka wengi, lakini meneja, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, akabandika tangazo mlangoni lililopunguza wengi. Msimamizi mpya atapokea nguo za wageni mwenyewe. Atawauliza kuhusu madoa, vifungo na vitambaa, na wageni wale Kiswahili hawakijui. Kwa hiyo usaili utafanywa kwa Kiingereza, baada ya miezi mitatu, na anayejiamini akajiandikishe kwa karani.

Mkunjo alijiandikisha kabla hajafikiri. Ndivyo alivyo, moto juu. Akili ilimrudia akiwa nyumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda akashika tama. Kiingereza chake kilikuwa namba za taulo, moja mpaka mia, pamoja na asante na samahani. Kile cha shuleni kilibaki shuleni, na shule yenyewe aliiacha angali binti mdogo.

"Nimejiponza," akamwambia mumewe.

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa mizaha asiyejua wakati wa kuacha. "Unalilia maji na bomba liko ndani? Mwalimu wa Kiingereza unaye sebuleni, anakunywa chai yako kila siku."

"Thubutu! Afadhali nile sabuni."

Na msimlaumu. Mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alifundisha Kiingereza miaka thelathini na miwili, akastaafu, akafiwa na mume, akahamia kwa mwanawe pamoja na sanduku la nguo na sanduku la vitabu. Ndoa ile hakuipenda tangu mwanzo. Alitaka mkamwana wa kalamu, akaletewa wa pasi. Hakuwahi kumtukana, mtu mwenye maneno mengi kiasi kile hana haja ya matusi. Alimwita "wewe" na "mke wa mwanangu", akimsifu uji na kumkosoa kila kitu kingine.

Tena palikuwa na lile jambo la shati. Baba mkwe, marehemu, alikuwa karani wa posta, na nguo zake zote zilipogawiwa ndugu, Mwalimu alibakiza shati moja la mistari ya buluu. Kila baada ya miezi kadhaa alilitoa sandukuni akamletea mkamwana wake. "Lipige pasi," alisema, "lisije likamsahau mwenyewe." Miaka miwili iliyopita Mkunjo alikuwa amelitandika mezani, dirisha liko wazi, akasikia sauti ya mama mkwe kibarazani ikimwambia jirani, "Mke wa mwanangu? Mikono anayo, siwezi kusema uongo. Ila kusoma, sahau. Anasoma namba za taulo." Jirani akaangua kicheko. Damu ikamchemka Mkunjo, akasogeza sikio dirishani asikie na mengine, na mkono ukabaki ulipokuwa, juu ya pasi, nayo pasi juu ya shati.

Pua ndiyo iliyomgutusha. Alipoinua pasi, mgongoni mwa shati, chini kidogo ya kola, palikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi, ncha yake na yote. Mpiga pasi bora wa kiwanda! Lingeunguzwa na mtu wa kujifunza tungeelewa. Aibu ikamshinda, na kesho yake akamtazama mama yule machoni akadanganya: eti alilipeleka shati kazini lipate pasi ya mvuke, likachanganyika na nguo za wageni, likapotea. Mwalimu akasema, "Basi." Neno hilo tu. Shati likaingia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ukapanda juu ya kabati, nyuma ya masanduku, maana kulitupa nako hakuweza. Tangu siku ile Mkunjo hakuweza kukaa na mama mkwe wake zaidi ya dakika kumi bila kukumbuka kwamba ana kitu jikoni.

Haya, siku tatu baada ya kujiandikisha, alirudi kutoka kazini saa kumi akamkuta Mwalimu kwenye kiti chake cha dirishani, kitabu kisicho na jalada kimefunguliwa mapajani. Mwaka mmoja uliopita macho yake yalikuwa yamefifia katikati. Aliona mlango, akaona kwamba mtu ameingia, lakini uso wa mtu huyo na herufi za kitabu vilikuwa ukungu mtupu, na daktari alishasema miwani haisaidii tena. Mkunjo akasimama akamtazama akifunua ukurasa, akiupapasa kwa kidole, akifunua mwingine. Hakuwa akisoma. Moyo ukamwuma, na kuumwa moyo kwa ajili ya mama mkwe hakukuwa katika mipango yake ya siku hiyo.

"Mama, hicho kitabu ni cha nini?"

"Cha watu," Mwalimu akajibu. "Hadithi fupi fupi, ishirini. Maisha yao na tabia zao. Nilizifundisha mpaka nikazijua kwa moyo, na sasa nachanganya bawabu na daktari."

"Ni cha Kiingereza?"

"Ulitaka kiwe cha lugha ya taulo?"

Kama palikuwa na wakati mzuri wa kukumbuka kitu jikoni, ulikuwa ule. Mkunjo akajikaza kisabuni, akavuta kiti, akamweleza yote: tangazo, usaili, miezi mitatu. Alitarajia kuchekwa. Mwalimu hakucheka. Alikipigapiga kitabu kwa vidole, na usoni mwake pakaja kitu ambacho Mkunjo hakuwahi kukiona pale: hamu.

"Kwa hiyo wewe una macho huna ulimi," akasema mwishowe, "na mimi nina ulimi sina macho. Sogeza kiti."

Hadithi ya kwanza ilimhusu bawabu aliyesalimia kila mpita njia, wakubwa kwa wadogo, lakini hakumsalimia ndugu yake wa tumbo moja kwa miaka kumi. Kurasa tatu tu. Ziliwachukua siku tisa. Kila Mkunjo alipokosea, Mwalimu aligonga mkono wa kiti: "Rudia." Na maana ya neno hakuitoa bure. "Alifanya nini baada ya hapo? Alifunga mlango ukatikisa ukuta. Mtu wa namna hiyo ana nini?" "Ana hasira." "Basi neno umeshalijua, unaniuliza nini?" Siku ya pili Mkunjo aliapa moyoni hatarudi. Siku ya tatu alirudi, kwa sababu alitaka kujua kama bawabu yule mpumbavu atamsalimu ndugu yake au la.

Walipomaliza, Mwalimu akafunga kitabu. "Sasa kazi ndiyo inaanza. Niambie mema mawili na kasoro moja. Ya bawabu. Kwa Kiingereza."

"Mema mawili ya mtu kama yule?"

"Wanafunzi wangu wote walifanya hivyo, kila hadithi, miaka yote. Mtu asiye na mema mawili hayumo katika kitabu hiki, na asiye na kasoro pia hayumo. Na kila moja ilete na tukio lake. Usiniambie 'ana kiburi' halafu ukafunga mdomo. Alifanya nini? Kasoro isiyo na tukio ni umbea."

Jasho lilimtoka kuliko la chumba cha pasi. Lakini alisema: bawabu ana adabu, anawakumbuka watu kwa majina, bawabu ni mwaminifu, hajawahi kuacha lango wazi, bawabu ana kiburi, alimwona ndugu yake kwenye mvua akafunga lango. Sentensi fupi fupi zilizochechemea, lakini zilikuwa zake. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akasema uji wa leo umezidi sukari.

Hadithi ya pili ndiyo iliyowagombanisha, na ugomvi ule ulikuwa mtamu. Ilimhusu mwanamke fundi wa saa, ambaye kila mahali alifika amechelewa, hata harusi ya bintiye. Mwalimu akatoa hukumu papo hapo kwamba mwanamke yule ni mvivu.

"Mvivu?" Mkunjo akaruka. "Mama, usimwonee! Anatengeneza saa za mtaa mzima, ya kwake ataitengeneza saa ngapi? Wewe unadhani mtu wa kazi anarudi nyumbani na nguvu za kufanya kazi ile ile bure?"

Mwalimu akageuza kichwa pembeni, alivyozoea akitaka kusikia vizuri. "Sema hivyo kwa Kiingereza."

"Siwezi."

"Basi kesi umeshindwa. Ni mvivu."

Kesho yake, kutwa nzima, Mkunjo alipiga pasi shuka mia mbili huku midomo ikitembea. Aliazima neno kutoka kwa bawabu, akaazima jingine kutoka kwa lebo ya sabuni, akayaunga, yakakatika, akayaunga tena. Jioni alifungua mlango wa nyumba na kabla hajatua mkoba akasimama katikati ya sebule akaimwaga sentensi yote, ndefu, ya kumtetea fundi wa saa, hadi mwisho. Mwalimu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kilichomtikisa mabega mpaka kitabu kikaanguka chini.

"Fundi wa saa ameachiwa huru," akasema, akifuta machozi. "Nenda kanywe maji."

Mkunjo alikwenda jikoni akasimama mbele ya ndoo ya maji akitabasamu peke yake kama mwendawazimu. Alikuwa na furaha, na hakuwa na haja ya kuificha furaha yake.

Baada ya hapo ikawa tamu. Mezani kazini aliwasimulia wenzake hadithi za kitabu, na chumba cha pasi kizima kikashika ule mchezo. Akipita mtu, mmoja anapaza sauti, "Mema mawili na kasoro moja!" Meneja alipitishwa hivi: ana haki, maana hampunguzii mtu zamu kwa chuki, ana kumbukumbu, anajua watoto wa kila mtu, kasoro yake, anakula peremende zinazosahaulika mifukoni mwa nguo za wageni, na ushahidi ni makaratasi kwenye pipa lake la taka. Walicheka mpaka pasi mbili zikazimwa kwa usalama. Nyumbani naye mume alilalamika kwamba mkewe amempa jema moja na kasoro saba, kila kasoro na tukio lake na tarehe.

Mwalimu alibadilika pia. Saa kumi ikipita bila mlango kufunguka alianza kuuliza, "Bado tu?" Alinyoosha mgongo, akavaa vizuri, kama mtu anayengojea darasa. Jioni moja, katikati ya hadithi ya mpishi aliyeogopa kuonja chakula chake mwenyewe, alimgusa Mkunjo mkono. "Hii alikuwa ananisomea marehemu," akasema. "Tulipokuwa vijana. Anakaa pale ulipo, ametoka posta, shati halijapata hata mkunjo. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko chako."

Shati. Mkunjo akaacha kusoma. Sema sasa, akajiambia, sema, mama yuko laini. Akafungua mdomo. Mlango ukasukumwa, mumewe akaingia amelowa maji ya bomba la watu kutoka kichwani hadi miguuni, akiuliza taulo liko wapi, na ule wakati ukapita. Usiku huo hakupata usingizi mzuri. Zamani alimwogopa mama yule, na uongo kwa mtu unayemwogopa una kiasi chake cha uzito. Sasa alimpenda. Mzigo ukawa mara kumi.

Wiki ya mwisho walifanya mazoezi ya usaili. Doa la mvinyo, doa la wino, kifungo kilichopotea, hariri na pamba. Mkunjo alijibu bila kugongewa kiti. "Watakuuliza wewe ni mtu wa namna gani," Mwalimu akasema. "Wasaili wote wanauliza hilo. Na wewe utajibu kama tunavyojibu. Mema mawili, kasoro moja, kila moja na tukio."

"Hata kasoro, Mama?"

"Hasa kasoro."

Mkunjo akataja mema yake: anaona mkunjo kutoka mlangoni, hamwachii mwenzake kazi nusu. Kasoro akasema ni hasira. Tukio: siku moja alirusha taulo bichi ukutani.

Mwalimu aligeuza kichwa pembeni. "Hilo ndilo tukio lako?"

"Ndiyo, Mama."

"Haya," akasema Mwalimu. "Litatosha."

Siku yenyewe Mwalimu alikataa katakata kubaki nyumbani. Mwanafunzi wake haendi mtihani peke yake, akasema, na akavaa gauni lake la kustaafia. Wakamketisha kwenye benchi la ukumbini, nje ya ofisi ya meneja. Ndani kulikuwa na joto la mvuke kutoka chumba cha pasi, kwa hiyo mlango uliachwa wazi, umezuiwa kwa kapu la mashuka. Waombaji walikuwa watatu, na Mkunjo alikuwa wa mwisho.

Mezani walikaa meneja, karani mwenye daftari, na mwanamke mmoja aliyetumwa na hoteli, mgeni, mwenye sura ya mtu aliyechoka kusikia majibu yale yale. Maswali ya kazi yalipita vizuri. Doa la mvinyo aliliondoa, hariri aliitenga na pamba, na alipoambiwa aeleze jinsi ya kukunja shuka lenye mpira, ambalo ni adui wa kila mpiga pasi duniani, alieleza kwa mikono na maneno mpaka mgeni akatabasamu. Meneja aliinua nyusi. Hakuwa anajua Mkunjo ana maneno yote yale.

Kisha mgeni akaweka kalamu chini. "Hebu tuambie, wewe ni mtu wa namna gani?"

Mkunjo akanyoosha mgongo. Kiingereza chake chote kilitoka kwenye hadithi, na namna moja tu ya kueleza mtu ndiyo aliyoijua. "Kuna mwanamke mpiga pasi," akaanza. "Ana mema mawili na kasoro moja." Karani akainua kichwa. Mkunjo akasema mema, moja na tukio lake, la pili na tukio lake. Sauti yake ilikuwa imara. "Kasoro yake ni hasira. Siku moja..."

Hapo akatazama mlangoni. Pale benchini Mwalimu alikuwa amegeuza kichwa pembeni, na midomo yake ilikuwa ikitembea taratibu, ikimfuata mwanafunzi wake neno kwa neno, tayari kwa taulo bichi. Mkunjo akajaribu kulisema lile taulo. Halikutoka. Lilikuwa uongo wa pili juu ya wa kwanza, na safari hii angeusema kwa maneno ambayo mama yule alimpa mkononi, moja baada ya jingine, miezi mitatu.

"Siku moja," akasema, "alikuwa na hasira. Alikuwa na shati juu ya meza. Hakuangalia. Aliunguza shati. Lilikuwa shati la mtu aliyekufa. Mke wa mtu yule analipenda. Mwanamke aliogopa. Alisema, shati limepotea. Halikupotea. Liko juu ya kabati, katika mfuko. Miaka miwili." Sauti ikaanza kumshuka. "Ana aibu. Anampenda yule mama. Ndiyo hadithi yote."

Kalamu ya karani ilisimama hewani. Meneja alivua miwani, akaiachia ikaning'inia, na uso wake ulisema waziwazi: mpiga pasi, mbele ya mteja, anakiri kuunguza nguo! Mkunjo hakumwangalia. Aliangalia mlangoni. Midomo ya Mwalimu ilikuwa imesimama.

"Na ukiunguza shati la mgeni wangu?" yule mwanamke akauliza polepole.

"Nitamwambia siku ile ile," Mkunjo akajibu. "Miaka miwili ni mizito sana. Mimi nimeibeba."

Alitoka moja kwa moja hadi benchini. Mwalimu akainuka, akatafuta mkono wake, akaushika. "Sauti ilishuka mwishoni," akasema. "Nilikwambia usishushe sauti mwishoni." Habari ya shati hakuitaja, nao wakakaa benchini pamoja na waombaji wale wawili, na hata saa ya ukutani ilionekana kusitasita.

Meneja alitoka baada ya nusu saa. Aliwashukuru wawili, akamwita Mkunjo kando, na alikuwa bado hajaamua kama ana hasira au la. "Sikiliza wewe. Mimi ningekukata hapo hapo. Yule mgeni wa hoteli anasema wote watatu mnajua kuondoa madoa, lakini ni mmoja tu ambaye atampigia simu shati likiungua. Unaanza mwanzo wa mwezi." Akavaa tena miwani. "Na nani aliwaambia habari za peremende zangu? Vicheko vyenu navisikia mpaka ofisini."

Chumba cha pasi kilipasuka kwa vigelegele, mmoja akampiga Mkunjo mgongoni, mwingine akamfunga foronya kichwani kama kilemba. Alicheka nao, lakini kicheko hakikushuka chini ya shingo. Nafasi aliipata. Mtu aliyempatia nafasi hiyo alikuwa anamngoja ukumbini, na shati lilikuwa bado juu ya kabati.

Nyumbani hakukaa hata kunywa maji. Alisogeza kiti, akapanda, akaondoa masanduku, akashuka na ule mfuko wenye vumbi la miaka miwili. Akapiga magoti mbele ya kiti cha dirishani akauweka mapajani mwa mama mkwe wake.

"Mama, shati hili hapa. Nimekukosea. Sina la kujitetea."

Mwalimu hakuufungua. Aliupapasa mpaka vidole vikafika mdomoni mwa mfuko. "Hesabu mafundo," akasema.

Mkunjo akatazama. Yalikuwa mawili. Roho ikamruka, kwa sababu alikumbuka vizuri kabisa kwamba yeye alifunga moja.

"La pili ni langu," Mwalimu akasema. "Mwezi ule ule, macho yangu yakiwa mazima. Nilikuwa natafuta sanduku langu dogo. Tena hata kabla ya hapo, binti, nyumba ilinuka kuungua siku nzima. Ulidhani pua nazo zimestaafu?"

"Ulijua! Na mbona hukusema?"

"Kaa kwenye kiti, magoti yatakuuma. Na mimi nina hadithi." Mama yule akanyoosha mgongo, mikono juu ya mfuko, akaanza kwa Kiingereza chake safi cha darasani, polepole ili kila neno lifike. "Kuna mwalimu mzee. Ana mema mawili. Hajawahi kumpiga mtoto. Na hajawahi kumwacha mwanafunzi mpaka ajue. Ana kasoro moja. Aliona shati. Siku ya kwanza alilia. Kisha akaona kwamba mkamwana anamwogopa, anamletea uji mapema, hamjibu tena. Mwalimu akapenda kuogopwa. Alikuwa mgeni katika nyumba ya mtu, hana mume, hana darasa, na hofu ile ilikuwa kitu pekee alichokuwa nacho. Basi akafunga fundo la pili, akanyamaza miaka miwili." Sauti yake ilishuka mwishoni, na hakuirudia.

Mkunjo alikuwa analia bila sauti. Alielewa kila neno. Hakuna aliloulizia maana.

"Nisamehe, mwanangu," Mwalimu akasema kwa Kiswahili.

Miaka yote ile hakuwahi kumwita hivyo. Mkunjo akamshika mikono, na wakakaa hivyo mpaka mume aliporudi, akawakuta, akauliza nani amekufa. Wote wawili wakamwambia kwa pamoja aende zake akaoge.

Mwalimu akafungua mafundo, lake kwanza. Akalitoa shati, akalipeleka puani, akapapasa mgongo wake mpaka vidole vikaikuta ile sehemu iliyokakamaa, akaizunguka yote kwa kidole kimoja, ncha yake na yote. Kisha akamnyooshea mkamwana wake.

"Lipige pasi," akasema. "Na safari hii usisikilize dirishani. Kibarazani sina tena la kusema usilolijua."

Mkunjo akatandika meza, akaijaribu pasi kwa kidole kilicholowa mate, akaanza na kola.